Vipande vya jipsamu saiti: namna ya kuvirudisha kazini

Pita Goba, Tabata au Kigamboni hapa Dar asubuhi, siku moja baada ya mafundi dari kumaliza kazi. Nje ya geti utakuta rundo la vipande vyeupe vya bodi, karatasi imeanza kuvimba kwa umande, katikati kuna kopo la rangi na mfuko wa chipsi. Mwenye nyumba anataka rundo liondoke. Fundi anasema hilo halikuwa kwenye makubaliano. Mwishowe inaitwa kirikuu, inapakia, na hakuna anayeuliza inakwenda kumwaga wapi.

Nimefanya kazi za dari kwa miaka mingi na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mmoja wa hao wasiouliza. Kilichonibadilisha ni kujua bodi yenyewe ni kitu gani. Jipsamu ni jiwe lililofunga maji ndani yake: katika kila kilo 100 za jipsamu safi, karibu kilo 21 ni maji, ingawa ukiishika ni kavu kabisa. Ukiipasha moto wa wastani inaachia robo tatu ya maji hayo na kuwa ule unga tunaonunua kwenye viroba. Ukiurudishia unga maji, unakuwa jiwe tena. Unaweza kuuzungusha hivyo mara nyingi, mradi usichanganywe na takataka nyingine. Huko Vancouver, Kanada, walizuia bodi kumwagwa madampo tangu 1984, na viwanda vya kuzisaga na kuzirudisha kwenye bodi mpya vikapata kazi. Sisi wa saiti ndogo hatuna mashine hizo, lakini tuna viroba, chekeche, karai na jua, na hivyo vinafika mbali.

1. Pima chumba kabla hujatoa kisu

Kipande kisichokatwa hakihitaji kurejelezwa. Hapa ndipo pesa ilipo kuliko hatua zote zinazofuata, na ndipo mafundi wengi tunapozembea.

Chukua chumba cha mita 3 kwa 3.6. Bodi ya kawaida ni mita 1.2 kwa 2.4. Ukilaza bodi kufuata upande wa mita 3, unapata mistari mitatu, na kila mstari unahitaji bodi nzima moja pamoja na kipande cha sentimita 60. Fundi mwenye haraka anafungua bodi mpya kila anapofika mwisho wa mstari: bodi 6 zimekwisha, na chini vimebaki vipande vitatu vya mita 1.8 ambavyo baadaye vitakanyagwa. Fundi aliyechora kwanza anajua kwamba bodi moja inatoa vipande vinne vya sentimita 60. Anatumia bodi 4 na kubakiwa na kipande kimoja tu, tena kizuri cha kuzibia mahali pengine. Ameokoa bodi mbili kwa chumba kimoja. Nyumba ya vyumba vinne, zidisha mwenyewe.

Kwa hiyo chora kila chumba kwenye daftari, hata kwa penseli na mistari iliyopinda, uandike ndani ya kila kisanduku kipande kinatoka bodi ipi. Panga vyumba kwa mfuatano ili masalia ya sebuleni yaingie korido na stoo. Vyumba vidogo viwe vya mwisho, maana hivyo ndivyo vinavyomeza vipande.

Halafu weka kanuni moja ya saiti. Kipande chochote kinachozidi sentimita 30 kwa 30 kinasimamishwa ukutani chumba kimoja, juu ya mbao, hakilazwi sakafuni. Kikilazwa kitakanyagwa.

2. Malizeni mapema suala la nani mwenye mali

Hili halipo kwenye vitabu lakini limevunja kazi nyingi. Kwenye saiti zetu saidia fundi anahesabu masalia kuwa ni chai yake. Fundi anahesabu kuwa ni yake. Mwenye nyumba, aliyelipia bodi, anakuwa hana habari mpaka siku atakaposikia kwamba vipande vinauzwa, hapo ndipo anapokuwa na habari nyingi.

Siku ya kwanza, kabla bodi hazijashushwa, mwambie: "Bosi, vipande vizima nitavitumia humuhumu ndani. Vidogo nitavitenga na kuvitoa mwenyewe, hutalipia gari la taka za jipsamu." Sijawahi kukutana na aliyekataa. Na yule kijana anayefagia na kutenga, mkate wake usemwe waziwazi palepale. Asiyejua anapata nini atachanganya kila kitu kwenye kiroba kimoja, na kazi yote ya mbele itakuwa imeharibika hapo.

3. Tenga kwa viroba vitatu

Usitengeneze mfumo wa makundi kumi, hautafuatwa. Viroba vitatu vinatosha, na uviandike kwa makapeni kubwa.

SAFI ni vipande vipya vya bodi ya kawaida, ile yenye karatasi nyeupe au ya kijivu, isiyopigwa rangi wala skimu, ile plasta laini ya kulainisha uso. Mikanda mipya iliyovunjika, yale mapambo ya jipsamu yanayopita dari linapokutana na ukuta, nayo iwe safi, lakini iwekwe kiroba chake cha pembeni kwa sababu ina katani au faiba ndani.

CHAFU ni bodi za dari la zamani lililobomolewa: zina rangi, skimu, tepu za maungio na skrubu. Zinasagika, ila hazifai kurudi kwenye mikanda.

HAPANA ni bodi zilizobandikwa plastiki ya maua upande mmoja, zile za sentimita 60 kwa 60. Humo pia zinaingia bodi za kijani za bafuni, ambazo zimetiwa dawa ya kukataa maji, na za rangi ya waridi za kuzuia moto, ambazo zina nyuzi za kioo. Jipsamu iliyomo ndani yake ni ileile, lakini viungo vilivyoongezwa vitakusumbua kwenye karai na shambani pia.

Tahadhari moja kwa wanaobomoa. Ukikuta dari la jengo la zamani, shule au ofisi ya miaka ya sitini au sabini, lenye shiti ngumu za kijivu zisizo na karatasi, zinazovunjika kama kigae na kuonyesha nyuzi kwenye mpasuko, simamisha kazi. Hiyo huenda ni asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu, madhara yakijitokeza miaka mingi baadaye. Usiikate, usiifagie, usiitie kwenye kiroba chochote kati ya hivi vitatu. Mpe taarifa mwenye jengo atafute watu wenye kibali cha kuiondoa.

Jipsamu ya kweli unaijua kwa kucha: ikune, itachunika unga mweupe laini.

4. Iweke kavu, na isikutane na kinachooza

Bodi ya kawaida ikilowa inaweza kunywa maji ya theluthi ya uzito wake au zaidi. Bodi ya milimita 12, inayofika kama kilo 25 ikiwa kavu, inakuwa mzigo usiobebeka, karatasi inaota ukungu, na vipande vinakuwa uji. Kwa hiyo viroba vikae juu ya mbao au paleti, ndani ya chumba kilichoezekwa. Pasipo na chumba, turubai lifunike juu na pembeni, siyo juu tu, maana mvua ya Dar inakuja kwa ubavu.

Sasa kisa changu. Mwaka wa kwanza kusimamia kazi mwenyewe, nilichimbisha shimo nyuma ya nyumba na kumwaga vipande vyote humo. Niliona nimekuwa mjanja, nimeokoa gari. Mama lishe aliyekuwa akitupikia akawa anamwaga humohumo maganda ya ndizi, mabaki ya wali na maji ya kuoshea vyombo. Tukafukia kwa udongo kidogo. Masika ilipokolea, mwenye nyumba akanipigia simu: nyumba mpya, rangi haijakauka vizuri, na uani kunanuka yai viza. Nilidhani ni shimo la choo. Tulipofukua, udongo ulikuwa mweusi tititi na harufu ilitupiga tukarudi nyuma.

Kilichotokea ni hiki. Jipsamu ina salfeti, na huyeyuka kidogo kwenye maji, kama gramu mbili na kitu kwa lita. Mahali penye maji, penye chakula cha kuoza na pasipo na hewa, kuna bakteria wanaotumia salfeti hiyo na kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi. Ndiyo inayonuka yai viza. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatuama kwenye mashimo, na ikiwa nyingi inaua pua kwanza: unaacha kuisikia huku bado ipo, kisha inakuangusha. Kwa sababu hiyo nchi kadhaa za Ulaya haziruhusu jipsamu kufukiwa pamoja na taka zinazooza.

Basi: jipsamu isitupwe kwenye shimo la choo, hata kama ni "kujazia tu". Isitupwe kwenye mtambo wa gesi ya samadi. Isitandikwe kwenye banda la ng'ombe ambalo samadi yake inakwenda shimoni, ingawa kwa kunyonya mkojo inafaa kweli. Na isichomwe pamoja na takataka. Ukishaitenga na kuiweka kavu haina ubaya wowote, ni jiwe tu.

5. Vunja, chekecha, toa chuma

Fanya kazi hii siku kavu, kwenye sakafu ya zege iliyofagiwa au juu ya turubai nene. Vaa barakoa ya vumbi iliyobana usoni. Kitambaa cha shingoni hakizuii chochote.

Kwanza vunja vipande kwa nyundo ya mpira au kwa mguu wa gogo, kama anavyotwanga mtu mahindi, lakini usitwange mpaka iwe unga karatasi ikiwa bado ndani. Lengo la mzunguko wa kwanza ni kulegeza karatasi tu. Karatasi ni kama asilimia 5 ya uzito wa bodi, na ukiitwanga sana inakuwa nyuzinyuzi ambazo hakuna chekeche litakalozitoa. Zigonge, zikunje, uone jipsamu inavyodondoka na karatasi kubaki mkononi kama ngozi. Vipande vilivyokauka juani siku mbili vinaachia vizuri kuliko vilivyotoka stoo.

Chekecha kwa wavu wa kuchekechea mchanga kwanza, halafu wavu wa mbu wa dirishani. Kinachobaki juu ya wavu wa pili kitwangwe tena. Kinachopita ni unga mbichi. Kumbuka jina hilo, *mbichi*, nitalirudia.

Kwa skrubu na misumari kuna dawa rahisi: sumaku ya spika mbovu, ifungwe kwenye kamba na kuburuzwa kwenye rundo kabla ya kuchekecha. Spika ya redio kubwa ya zamani inafaa zaidi. Skrubu zinazotoka weka kwenye kopo, mnunuzi wa vyuma chakavu anazipima pamoja na chaneli zilizopinda, vile vyuma vyembamba vya fremu ya dari.

Karatasi ichanganye na majani makavu kwenye mboji, lakini mboji inayogeuzwa na kupata hewa.

6. Kurudisha unga kwenye mikanda

Hapa ndipo watu wanapokata tamaa, na najua kwa nini. Wanasaga vipande, wanachanganya na maji, wanamimina kwenye moldi, wanasubiri. Saa moja, mbili, kesho yake: matope meupe. Wanaamua kwamba jipsamu iliyotumika imekufa.

Haijakufa, ni mbichi. Imeshashiba maji yake, haina sababu ya kushika mengine. Lazima uitoe maji ya ndani kwanza, na jua la Dar halitoi hayo, linatoa unyevu wa juu tu. Kinachotakiwa ni joto la kati ya nyuzi 130 na 160.

Sisemi ufanye biashara ya tani. Kwa mkaa, gharama itakushinda. Nasema kilo 10 au 20 kwa wakati, kwa ajili ya kujazia mikanda, kuzibia matundu na kumwaga maua ya dari. Fanya hivi:

Anika unga wa kiroba cha SAFI juani siku nzima, ukiugeuzageuza. Pima kilo 10 kamili kwenye mizani ya dukani. Weka karai la chuma kwenye jiko la mkaa uliokwisha kuwaka vizuri, usio na miali, ukiwa nje penye hewa. Mwaga unga usizidi unene wa vidole vitatu. Kama karai halitoshi, gawa mara mbili. Koroga kwa mwiko mrefu wa mbao, na hapa nasema mwiko wa ugali, siyo wa fundi.

Kwa dakika za mwanzo hakuna kinachotokea. Halafu unga mkavu unaanza kuchemka. Mara ya kwanza kuona nilimwita kila mtu saiti aje: unga usio na tone la maji unatoa mapovu na kutikisika kama uji mzito, mwiko unapita humo bila kuhisi kitu. Ule ni mvuke wa maji yaliyokuwa yamefungwa ndani ya jiwe, unainua unga ukitafuta njia. Endelea kukoroga, hasa chini, usiungue. Kuchemka kutapungua, na unga utatulia na kushuka.

Sasa shika kioo kidogo, hata cha kunyolea ndevu, kikiwa cha baridi, juu ya unga. Kikipata ukungu mzito, bado. Kikipata ukungu hafifu, epua upime. Hapa mizani ndiyo hakimu: kilo 10 za jipsamu kavu zikiachia robo tatu ya maji yake zinabaki kama kilo 8.4. Ukipata 9, rudisha jikoni. Ukipata chini ya 8, umepitiliza, na unga huo hautabiriki. Mwingine unashika ghafla ukiwa bado ndooni, na uliochomwa kupita kiasi unalala kama mchanga. Bodi ina karatasi na viungo vidogovidogo vilivyobaki, kwa hiyo usitafute gramu. Kati ya 8.3 na 8.6 nafurahi.

Uache upoe, uchekeche tena, uufunge kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kiroba. Hewa ya pwani ina unyevu, na unga huu unainywa. Nautumia ndani ya wiki mbili.

Kabla ya kumwaga kwenye moldi, jaribu kwenye kifuniko cha ndoo. Weka maji kidogo, nyunyizia unga juu ya maji mpaka uzame na kutokeza visiwa, koroga taratibu, angalia saa. Kwa uzito, kilo 10 za unga zinataka lita 6 hadi 7, lakini unga wa kurudia huwa mlaini zaidi na una kiu zaidi, kwa hiyo kifuniko ndicho kitakachokuambia. Karibu kila mara utashika haraka kuliko wa dukani. Sababu yake kila fundi anaijua bila kujua kwamba anaijua: si unaona ndoo isiyooshwa, yenye magamba ya mchanganyo wa jana, inavyofanya mchanganyo wa leo ugande kabla hujafika ukutani? Chembe zilizokwisha kuganda zinawapa nyingine mahali pa kuanzia. Unga wako wa karai bado una chembe chache mbichi, nazo zinafanya kazi hiyohiyo.

Dawa yake ni ndimu. Maji ya ndimu tatu hivi, yaliyochujwa, yachanganywe kwenye maji ya kilo 10 kabla ya kutia unga, yatakuongezea muda. Usizidishe, mkanda utatoka dhaifu. Na kinyume chake nacho ni kweli: siku una haraka na unga mpya wa dukani unachelewa, kijiko kimoja cha unga mbichi uliosagwa laini kitauamsha.

Usitumie unga huu peke yake kwenye uso wa mkanda unaoonekana. Mimi nachanganya fungu moja la kurudia na matatu ya mpya, na hapo tofauti siioni kwa jicho. Kwa tabaka la nyuma, lile linaloshika katani, naweka nusu kwa nusu. Vijana wanaomwaga mikanda kando ya barabara wanaweza kununua unga wako mbichi uliochekechwa kama wana jiko lao, lakini waambie wazi kuwa ni mbichi. Ukiwauzia kimya, moldi zao zitajaa matope na jina lako nalo.

7. Kupeleka shambani

Jipsamu ni kalisi na salfa, na mimea inataka vyote viwili. Ila isichukuliwe kuwa ni chokaa. Chokaa inapunguza uchachu wa udongo. Jipsamu haifanyi hivyo. Aliyekuambia udongo wako ni mchachu hajakuambia umwage jipsamu.

Mahali inapofaa kweli ni kwenye karanga. Ganda la karanga linanyonya kalisi lenyewe kutoka kwenye udongo unaolizunguka, halipelekewi na mizizi ya mmea. Udongo wa kichanga ukikosa kalisi sentimita chache za juu, unavuna maganda mazuri yenye hewa ndani. Nyunyiza unga mbichi kandokando ya mistari mmea unapoanza kutoa maua, kama kilo 100 hadi 200 kwa ekari, uguse udongo kidogo kwa jembe. Hapa hakuna haja ya karai wala mkaa, mbichi ndiyo inayotakiwa.

Mahali pa pili ni udongo wa magadi, ule unaoweka ukoko mgumu na maji kutuama juu yake siku nzima, kama ilivyo kwenye baadhi ya skimu za umwagiliaji. Kalisi inaisukuma sodiamu nje, kisha maji matamu yaioshe ishuke. Bila mifereji ya kutolea maji hayo, unajisumbua. Na kiasi chake ni cha tani kwa hekta, siyo viroba, kwa hiyo udongo upimwe kwanza. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga na maabara ya chuo kikuu cha kilimo, SUA, Morogoro wanafanya kazi hiyo.

Peleka shambani kiroba cha SAFI peke yake. Baadhi ya bodi hutiwa boroni kidogo kiwandani, na boroni ikizidi inaunguza mimea, kwa hiyo anza na mistari miwili mitatu msimu wa kwanza, uache mingine bila kitu, uone tofauti.

8. Kiroba cha CHAFU, na saruji

Kila mfuko wa saruji unaoubeba una jipsamu ndani, kati ya asilimia 3 na 5 hivi. Klinka, yaani yale mawe yaliyochomwa kiwandani ambayo husagwa kuwa saruji, ikisagwa peke yake hugandia kwenye karai mara tu ikiguswa na maji; jipsamu ndiyo inayoichelewesha upate muda wa kujenga. Jipsamu hiyo inachimbwa sehemu kama Makanya wilayani Same, Itigi na Kilwa, ikasafirishwa kwa malori. Kitaalamu, bodi zilizosagwa zinaweza kuchukua sehemu ya kazi hiyo, hata zenye rangi kidogo.

Kiutendaji, kiwanda hakitazungumza na wewe kuhusu viroba kumi. Kitataka mzigo wa lori, unaofanana kutoka mwanzo hadi mwisho, uliopimwa maabara, usio na unyevu, karatasi wala mbao. Kinachowezekana ni mafundi wa eneo moja kukusanya mahali pamoja palipoezekwa, mmoja akashika daftari, na kupiga simu wakati tani zimefika. Hali ni hiyohiyo kwa viwanda vya bodi vya Mkuranga: waulizie kupitia msambazaji anayewaletea bodi, maana gari lake linarudi tupu. Sisi tulikaa miezi minne tukikusanya kwenye banda la mwenzetu mmoja Mbagala kabla ya kupata mtu wa kutusikiliza, na kilichomfanya atusikilize ni kwamba tulifungua kiroba chochote alichonyooshea kidole, na ndani kulikuwa na kitu kilekile.

Kama hamna subira hiyo, CHAFU iliyovunjwavunjwa inaweza kujazia chini ya njia ya kutembea, mahali pakavu panapofunikwa na vitofali. Isiwekwe chini ya msingi wala chini ya sakafu ya nyumba. Salfeti ikipata maji inaishambulia saruji, zege linavimba na kupasuka.

9. Kinachobaki

Kiroba cha HAPANA kitabaki, usijidanganye. Mtafute mzoa taka mwenye kibali cha halmashauri, umkabidhi viroba vimefungwa na vimeandikwa, na umwambie kilichomo ndani ili kwenye dampo la Pugu Kinyamwezi visimwagwe juu ya maganda ya ndizi. Andika kwenye daftari viroba vingapi na tarehe. Mwenye nyumba siku akiulizwa na watu wa mazingira, ukurasa huo ndio atakaoonyesha.

Bodi za plastiki za sentimita 60 ambazo hazijavunjika usizitie hata kwenye kiroba hicho. Kuna watu wa mabanda ya kuku wanazifuata wenyewe kwa guta, wanazipachika chini ya bati kupunguza joto, na wanachotaka kwako ni kwamba uwe umezichomoa taratibu bila kuvunja kona.